Madaftari mawili: kisa cha kikohozi cha miezi kumi na moja

Huku Tanga, kama ilivyo kwingi nchini, historia ya mgonjwa hukaa kwenye daftari la shule. Mgonjwa analinunua dukani, anaandika jina juu ya jalada, na kila akienda kutibiwa analitoa. Tabibu anaandika alichosikia, alichopima na alichotoa, kisha mwenye daftari anarudi nalo nyumbani. Mama ninayemwandika hapa alikuwa nayo mawili. La bluu lilikuwa la presha. La kijani lilikuwa la kifua. Akienda kliniki ya presha alibeba la bluu, akienda kutibiwa kikohozi alibeba la kijani, na jingine lilibaki kabatini limeviringishwa kwenye kanga. Kwa miezi kumi na moja hayakuwahi kuwekwa kwenye meza moja.

Nitamwita Bi Mkubwa, maana ndivyo wateja wake wanavyomwita. Ana miaka 56, hajavuta sigara maishani, na tangu mumewe aache kazi yeye ndiye anayeingiza hela ya kila siku kwa vitumbua na chapati anazopika alfajiri barazani, Ngamiani. Mambo ambayo yangemtambulisha nimeyageuza. Mtiririko wa dawa na miezi sikuugusa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mmoja wa waliomtibu na kumkosea. Mwandiko wangu umo kwenye daftari la kijani, ukurasa wa tisa, na kila nikiusoma naona haya.

Kikohozi kilichozaliwa upya kila mwezi

Ukurasa wa kwanza wa la kijani ni wa mwanzoni mwa Aprili: "Kikohozi siku 5, kikavu, homa hana, kifua safi." Akapewa amoxicillin na dawa ya maji. Ukurasa unaofuata, mwishoni mwa mwezi uleule: "Kikohozi siku 4." Safari hii azithromycin. Mei: "Kikohozi wiki 1, koo linawasha." Cetirizine na dawa nyingine ya maji. Juni, zahanati nyingine, tabibu mwingine: "Kikohozi siku 3." Amoxicillin tena, maana nani angejua kwamba alishapewa? Aliyetaka kujua angefunua kurasa tatu nyuma, na foleni ilikuwa imefika getini.

Nilimuuliza baadaye kwa nini Juni alisema siku tatu ilhali alikuwa anakohoa tangu Machi. Akanishangaa.

"Daktari, si mliniuliza kimenianza lini? Kile cha kwanza kilishapoa. Hiki kilikuja kingine."

Huko kupoa zilikuwa siku mbili tatu za usingizi wa dawa ya maji. Kikirudi, kwake kilikuwa kipya, na sisi tukakipokea kama kipya. Ukilisoma daftari lile bila kumwona mwenyewe, utaapa kwamba mama huyu hana kikohozi sugu. Ana vikohozi vifupi kumi na viwili, kana kwamba ni vya watu kumi na wawili.

Kwa mtu mzima, kikohozi huitwa sugu kikipita wiki 8. Kile cha chini ya wiki 3 mara nyingi ni cha virusi na huondoka chenyewe, mgonjwa apewe amoxicillin au asipewe. Katikati ya hapo ni kipindi cha kuchunguza, na kwetu wiki 2 tayari zinatosha kumpeleka mtu kupimwa TB. Kuhesabu hadi nane si kazi ngumu. Ila lazima awepo mtu mmoja anayehesabu, na Bi Mkubwa alikuwa na watabibu saba.

Mwaka 2015 zilichapishwa hesabu zilizounganisha tafiti 90 za nchi mbalimbali. Zilionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 10 duniani ana kikohozi sugu, yaani asilimia 9.6. Oceania ilikuwa juu kabisa kwa asilimia 18.1, Ulaya 12.7, mabara ya Amerika 11.0, Asia 4.4, na Afrika 2.3. Nilipoziona mara ya kwanza nilidhani tumebarikiwa mapafu. Lakini tafiti za Afrika zilizoingia mle zilikuwa chache, na kigezo kilichotumiwa na wengi kilikuwa kukohoa miezi 3 au zaidi. Sasa mpeleke mtafiti barazani kwa Bi Mkubwa mwezi wa Juni, amuulize kama amekohoa miezi mitatu mfululizo. Atajibu hapana, kwa moyo safi kabisa, na daftari atalitoa liwe shahidi. Sisemi ile 2.3 ni ya uongo. Nasema tu kwamba mwandiko wetu wa siku 5, siku 4, siku 3 hauwezi kuzaa namba kubwa.

Tulichokuwa tunakitafuta

Kikohozi kwetu kinapewa jina kabla ya kupimwa. Tanzania ilikuwemo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na mfumo wetu umejengwa kuusaka ugonjwa huo. Kipimo ni bure na dawa ni bure. Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limefundisha hadi panya buku kunusa makohozi na kuonyesha yenye vimelea. Sina ugomvi na hayo. Akija mtu leo anakohoa wiki mbili, nitampima TB kabla sijawaza kitu kingine.

Bi Mkubwa alipewa kikopo cha makohozi mara tatu. Mara ya kwanza maabara ilikikataa: ni mate, si makohozi. Akaambiwa avute pumzi ndefu akohoe kutoka ndani. Akakohoa nje ya uzio wa kituo mpaka akacheua, macho yakamtoka machozi, na kikopo kikabaki na povu. Ndani hamkuwa na kitu cha kutoa. Hilo peke yake lilikuwa neno la maana, kikohozi kikavu kama karatasi baada ya miezi minne, lakini kwenye daftari liliandikwa "sampuli haifai, arudie." Alirudia. Mara mbili GeneXpert, mashine ya kupima TB kwenye makohozi, ikasema hana. Akapimwa VVU, hana.

Hapo ndipo uchunguzi ulipoishia, kana kwamba kukutwa huna TB ni matibabu. Mwaka 2024 ulichapishwa uchambuzi wa takwimu za watu zaidi ya 600,000 wa Afrika na Asia waliofanyiwa uchunguzi wa TB katika jamii zao. Kati ya waliokutwa na TB ya mapafu, zaidi ya asilimia 80 hawakuwa na kikohozi cha wiki mbili. Wenye TB wengi hawakohoi, na wakohoaji wengi hawana TB. Kikohozi na kifua kikuu ni majirani, lakini tumewazoea kama mume na mke.

Mtaani nako kipimo kilikuwa tayari, na hakikuhitaji maabara. Muuza chakula anayekohoa hana pa kujificha. Wateja walianza kwa kutuma watoto badala ya kuja wenyewe, halafu watoto nao wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Jirani mmoja akamwambia, kwa upendo, kwamba siku hizi TB inapona. Bi Mkubwa akamwonyesha daftari lenye majibu. Jirani akalitazama bila kulishika.

Ukurasa wa tisa

Oktoba akaja kwangu. Nilichokiona: mama wa makamo, kikohozi kikavu, TB hana, kazi yake kupika kwa kuni na mkaa tangu saa kumi alfajiri. Nilifurahi, maana nilijua jibu. Moshi wa jikoni si jambo la kubuni. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia ifikapo 2034. Nikaandika: "Kikohozi, ?moshi. Aache kupika. Picha ya kifua." Picha ikarudi safi. Nikampa pampu ya salbutamol ya kufungua njia ya hewa, nikaongeza omeprazole kwa kuwa kiungulia nacho hukohoza, nikamwambia arudi baada ya mwezi.

Hakurudi. Lakini kupika aliacha kweli, wiki saba nzima. Jiko likawekwa uani, mkwewe akawa anapika chakula cha nyumbani mbali naye. Kikohozi hakikupungua hata chembe.

Hapo palifanyika jaribio zuri kuliko picha yoyote: ondoa moshi, tazama kikohozi. Jibu lilipatikana, ila halikuandikwa popote, kwa kuwa mgonjwa hakuona sababu ya kumrudia daktari aliyemnyang'anya jiko na kikohozi akamwachia. Wiki ya nane akawasha moto.

Daftari la bluu

Hili ni safi kuliko la kijani. Mwandiko ni wa mtu mmoja, tarehe hazirukwi. Katikati ya Machi: presha 168/102, enalapril miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Mei: 154/96, ipandishwe iwe 10. Julai: 142/88, aendelee. Septemba: 172/100. Mwenzangu wa kliniki akaandika "?hamezi dawa" na akapandisha hadi 20.

Sasa weka madaftari sambamba. Enalapril ilianza katikati ya Machi, na kikohozi cha kwanza kimeandikwa wiki tatu baadaye. Kuna na la pili ambalo lilinikalisha chini. Mwezi Agosti, kwenye la kijani, tabibu mmoja alidhani ni pumu akampa prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi, ya wiki mbili na kidogo. Prednisolone hupandisha presha. Mwanzoni mwa Septemba, akiwa bado anaimalizia, presha ikasomeka 172/100, na kliniki, isiyojua chochote kuhusu prednisolone, ikajibu kwa kuongeza dawa ileile iliyoleta kikohozi kilicholeta prednisolone. Na Bi Mkubwa, ambaye hakuwahi kuruka kidonge hata siku moja, akafokewa kwamba hamezi.

Nimeyapekua yote mawili toka jalada hadi jalada. Kwenye la bluu hakuna neno kikohozi. Kwenye la kijani hakuna neno enalapril.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Kliniki ya presha, alisema, wanauliza presha, na ukianza kueleza mengine walio nyuma yako wanaguna. Upande wa kijani tulimuuliza, tena zaidi ya mara moja: "Unatumia dawa yoyote?" Akajibu hapana. Hakudanganya. Dawa, kwake, ni kitu unachomeza ukiumwa ili uache kuumwa. Vile vya presha ni "vidonge vyangu", kama miwani au meno ya bandia. Nimeshalisikia jibu hilo kwa wengine wengi tangu nijifunze kulisikiliza.

Kilichomrudisha kwangu

Februari alikuja, na hakuja kwa kikohozi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Akasubiri muuguzi atoke, akavuta kanga mbele. "Mwanangu, mimi udhu haukai."

Ilibidi aseme mara mbili ndipo nikaelewa. Kila akikohoa, mkojo unachuruzika. Anatawadha, anasimama kuswali, kikohozi kinakuja kwenye rukuu, anatoka, anatawadha upya. Adhuhuri moja alitawadha mara nne. Alishaacha kwenda kwenye maulidi, alishaacha khitma za mtaani, na kwenye daladala alikuwa anakaa pembeni kabisa juu ya kipande cha kanga kuukuu alichokikunja mara nane. Mumewe alikuwa amehamia sebuleni, yeye akisema ni kwa ajili ya joto. Haya yote yalikuwa na miezi. Hakuna ukurasa ulioyataja, kwa sababu hakuna aliyeuliza kikohozi kinamfanya nini. Sote tuliuliza kina rangi gani.

Si yeye tu. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 10,032 wa kliniki 11 za kikohozi katika nchi mbalimbali. Theluthi mbili walikuwa wanawake, na umri uliojaa zaidi ulikuwa miaka 60 hadi 69. Koo la mwanamke huamka upesi kuliko la mwanamume, hilo limepimwa maabara, na nyonga iliyozaa watoto watano haina breki za zamani. Ukitaka kujua kikohozi sugu kinaharibu nini kwa mama wa makamo, anzia hapo, si kwenye mapafu.

Nilimwambia kesho alete kila kitu anachomeza, hata cha mizizi. Akaja na kikapu cha ukili akakimimina mezani. Chupa nne za dawa ya maji, mbili hazijafika nusu. Habasoda. Asali yenye karafuu ndani. Mabaki ya antibiotiki za aina tatu. Pampu yangu. Omeprazole yangu. Na bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu: enalapril 20mg, 1x1. Chini kabisa, yakiwa yamegandamana kwa mafuta ya vitumbua, madaftari mawili.

Nyoka wa Brazil

Kuna kundi la dawa za presha ambazo majina yake huishia na "pril": captopril, enalapril, lisinopril, ramipril. Zinazuia kimeng'enya kinachotengeneza kemikali ya kubana mishipa ya damu. Mishipa ikilegea, presha inashuka. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho kina kazi ya pili: kinavunjavunja kemikali nyingine iitwayo bradikinini. Ukikizuia, bradikinini inabaki nyingi kwenye njia ya hewa na kuchokoza neva za koo. Mtu anahisi mwasho, kama unywele umekwama, anakohoa, na hakuna kinachotoka.

Kinachonifurahisha na kuniudhi ni kwamba jambo hili lilikuwemo tangu siku ya kwanza. Bradikinini yenyewe iligunduliwa Brazil mwishoni mwa miaka ya 1940 na Maurício Rocha e Silva na wenzake, walipokuwa wanachunguza sumu ya nyoka aitwaye jararaca. Miaka ya 1960 mwanafunzi wake, Sérgio Ferreira, akaonyesha kwamba ndani ya sumu hiyo mna kitu kinachoipa bradikinini nguvu. Kutokana na kitu hicho, David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb wakaunda captopril, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Dawa iliyozaliwa kutokana na kitu kinachoongeza nguvu ya bradikinini ikaja kuwakohoza watu kwa bradikinini, na ilichukua miaka kabla madaktari hawajaacha kuwalaumu wagonjwa.

Wanaokohoa ni wangapi? Tafiti zinapishana mno, kuanzia 5 hadi 35 katika kila watumiaji 100. Wanawake huwazidi wanaume, na wasiovuta sigara huwazidi wavutaji. Kikohozi huweza kuanza siku ileile au baada ya miezi. Wingi wa dozi si hoja, hata kidonge kidogo kinatosha.

Lipo na swali kama Bi Mkubwa alistahili kuanzishiwa "pril" ikiwa peke yake. Jaribio la CREOLE, lililochapishwa 2019, liliwafuatilia wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Michanganyiko yenye amlodipine ilishusha presha vizuri kuliko ule wa perindopril na dawa ya kukojoza usio na amlodipine. Kwa Mwafrika ambaye hana sukari, wala ugonjwa wa moyo au figo, "pril" peke yake si mlango wa kwanza ambao mimi ningeugonga. Lakini kliniki hutoa kilichopo kabatini, na mwezi ule kilichokuwepo ni enalapril. Nisingependa mtu amsute mwenzangu kwa hilo.

Wiki sita

Hatukuacha dawa ya presha. Tulibadilisha: enalapril ikatoka, losartan miligramu 50 ikaingia siku iliyofuata. Losartan inafanya kazi mbele kidogo kwenye mnyororo uleule na bradikinini haiigusi. Nilimwambia kikohozi hakitaondoka kesho. Kwa kawaida huchukua wiki moja hadi nne, na kwa wengine hadi miezi mitatu.

Wiki ya pili, hakuna mabadiliko. Mwanawe akapiga simu kutoka Dar es Salaam akitaka mama apelekwe CT scan, hela ataichanga yeye na ndugu zake. Nilikuwa karibu nikubali. Ni vigumu kumwambia kijana anayempenda mama yake kwamba matibabu ni kungoja. Nikamwomba wiki nne. Wiki ya nne mama akasema mchana kimepungua, usiku bado. Kati ya wiki ya tano na ya sita mumewe akarudi chumbani, na hiyo ndiyo ripoti niliyoiamini kuliko zote. Presha ilisomeka 136/84.

Kisayansi pana tundu. Ili niape ni enalapril, ningemrudishia nione kama atakohoa tena. Sikufanya hivyo, na hata angekubali nisingempa. Huenda kikohozi kilikuwa kinaondoka chenyewe. Miezi kumi na moja na bahati wiki hizohizo? Mimi siiamini bahati ya namna hiyo.

Hesabu

Tulikaa na mkwewe tukaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa la kijani. Dawa, vipimo vya kulipia na picha: shilingi 214,500. Bajaji na bodaboda: 63,000. Wiki saba bila kupika, kwa faida yake ya shilingi 9,000 kwa siku: 441,000. Jumla 718,500. Wateja waliohama hatukuwaweka. Wala hatukuweka upande wa serikali: katriji mbili za GeneXpert, ambazo bei yake kwa nchi kama yetu ilishushwa 2023 hadi takriban dola 8 kila moja, muda wa maabara, muda wa watabibu saba. Na mikupuo mitano ya antibiotiki ambayo haikuwa na kimelea cha kuua, ikaishia kuwafunza usugu vimelea vilivyokuwa vimetulia tumboni mwake.

Tazama uwiano. Zaidi ya nusu ya hasara si dawa wala vipimo. Ni ushauri, mstari mmoja wa mwandiko wangu, usiogharimu kituo hata senti.

Nilichobadilisha chumbani kwangu ni maneno mawili matatu. Siulizi tena "kimeanza lini?" Nauliza: "Mara ya mwisho kupitisha wiki nzima bila kukohoa ilikuwa lini?" Wengine hunyamaza, wakahesabu kwa vidole, wakashtuka wenyewe. Siulizi "unatumia dawa?" Nauliza "asubuhi unameza nini?" Nikiona "pril" na kikohozi kikavu, nafikiria kubadilisha kabla sijaagiza picha ya pili.

Msomaji mwenye bahasha ya enalapril au lisinopril nyumbani asiitupe. Kwa moyo uliochoka na kwa figo za mwenye sukari dawa hizi zimeokoa watu wengi sana, na wengi wanaozimeza hawakohoi kabisa. Abebe bahasha aende kliniki, aseme anakohoa. Ila midomo au ulimi ukivimba, hilo si la kungoja kliniki, ni hospitali saa hiyohiyo. Na mwenye kukohoa damu, kukonda, homa za jioni au jasho la usiku asijifariji kwa kisa hiki: wa kwake ni mwingine. Vikohozi vingi sugu vinatoka kwingine, kwenye pumu, pua, kiungulia, au makovu ya TB ya zamani. Wapo na ambao sababu haionekani kabisa. Kwa hao Japani iliidhinisha dawa iitwayo gefapixant mwaka 2022, Marekani ikaikataa mara mbili, na kwetu hata jina lake halijafika kaunta.

Bi Mkubwa alipokuja mara ya mwisho alikuwa ameyashona madaftari kwa uzi wa cherehani, mgongo kwa mgongo, upande mmoja bluu, upande mmoja kijani. Wiki iliyofuata akaenda nayo kliniki ya presha. Muuguzi akamwambia daftari la pale halichanganywi na mengine, akachukua mkasi akaukata uzi. Bi Mkubwa hakubishana. Alirudi nyumbani akayashona tena.